Ndege wa Bahari ya Hindi wana habari kwa muuza dagaa wa Kigali

KIGALI. Kabla jua halijapanda, muuza dagaa wa soko la Kimironko huwa amekwishafanya ukaguzi wake. Hufungua gunia, hunusa, kisha huchukua dagaa wachache na kuwavunja kwa vidole. Dagaa mkavu huvunjika kwa mlio. Aliyenyeshewa mchangani au njiani hupinda, na harufu yake humwambia mnunuzi kuwa gunia hilo halitakaa sana. Baada ya hapo huja maswali ya kila siku. Mzigo umetoka Mwanza au Kigoma? Gari limelala Rusumo siku ngapi? Bei ya kule imekuwaje?

Kuna swali moja ambalo ni nadra kusikika sokoni humo: Bahari ya Hindi mwaka huu ina joto kiasi gani?

Kwa mtu wa Kigali, swali hilo ni la mbali. Hata ukipima kwa mstari ulionyooka angani, jiji hili liko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani. Hata hivyo, joto la bahari hiyo lina mkono katika mvua inayoharibu dagaa wakiwa bado wameanikwa, na katika barabara inayokatika lori likiwa safarini. Miongoni mwa viumbe wanaolihisi joto hilo mapema ni ndege wa baharini, ambao nao riziki yao inategemea samaki wadogo na safari ndefu. Wanayofanya bahari inapobadilika yanamhusu pia anayenunua Mwanza na kuuza Kigali.

Ndege asiyetua majini

Kaskazini mwa visiwa vya Shelisheli kuna kisiwa kidogo kiitwacho Bird. Kila mwaka, msimu wa upepo wa kusi, mamia ya maelfu ya ndege wa jamii ya buabua hukusanyika hapo kutaga. Ni ndege mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, mwembamba, mwenye mabawa marefu. Jozi hutaga yai moja tu chini, kwenye ardhi tupu, na wazazi wote wawili hupokezana kulilinda na kutafuta chakula.

Ajabu ya buabua huyu ni kwamba anaishi baharini bila kuogelea. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, hivyo akikaa majini muda mrefu hulowa na kuzama. Hawezi kupiga mbizi kama mnandi wa ziwani. Hula samaki wadogo na ngisi waliokaribia uso wa maji au wanaoruka juu yake, na huwadaka akiwa angani.

Watafiti waliwafunga ndege wa kisiwa hicho vifaa vidogo vinavyopima mwanga wa jua ili kujua huenda wapi wakishamaliza kulea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa hutawanyika karibu Bahari ya Hindi yote ya joto, na kwamba katika miezi hiyo ndege mmoja husafiri kwa wastani kilometa zipatazo 50,000. Kwa dereva wa lori, hizo ni safari zaidi ya 15 za kwenda na kurudi kati ya Kigali na Dar es Salaam. Muda wote huo, ndege hao waligusa maji kwa chini ya asilimia 5 ya wakati wao.

Yuko mwingine anayemzidi kwa kukaa angani. Ni ndege mkubwa mweusi mwenye mkia uliogawanyika kama mkasi, anayetaga kwa wingi katika kisiwa cha Aldabra cha Shelisheli na katika kisiwa cha Europa kwenye Mlango wa Msumbiji. Huyu naye hathubutu kutua baharini. Wanasayansi wa Ufaransa waliowafuatilia ndege wa Europa walieleza mwaka 2016 kwamba wapo wanaokaa angani hadi miezi miwili mfululizo. Huingia chini ya mawingu mazito, huchukuliwa na hewa ya moto inayopanda, mara nyingine hadi mita 4,000, kisha hushuka taratibu bila kupiga mabawa, huku wakienda mbele. Njia yao hufuata ukingo wa eneo la bahari lisilo na upepo, kwa sababu hapo ndipo mawingu na pepo za kuwabeba hupatikana.

Si kwamba ndege hawa wanapenda kutembea. Katika bahari ya joto chakula ni kichache na kimetapakaa. Leo kipo hapa, kesho kiko kilometa mia mbili kutoka hapa. Asiyesafiri kwa gharama ndogo hafi kwa uchovu tu, bali kwa njaa.

Bila jodari hakuna mlo

Samaki wadogo hawapandi juu ya maji kwa hiari yao. Wanasukumwa. Jodari wakiwinda kwa kundi huwazunguka samaki wadogo kutoka chini na kuwabana kuelekea juu, mpaka maji yanaonekana kama yanachemka. Hapo ndipo buabua na wenzake hushuka. Kwa hiyo ndege wa Bahari ya Hindi ya joto wanaishi kwa kazi ya jodari. Jodari akipungua au akiwinda chini sana, ndege hana wa kumletea chakula juu, hata kama samaki wadogo bado wapo.

Wavuvi wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Mvuvi wa Unguja, Pemba, Mafia au Shimoni akiona ndege wanazunguka na kushuka mahali pamoja, hugeuza chombo kuelekea huko. Kusini mashariki ya Unguja, kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu kiitwacho Fungu Kizimkazi, kuna makazi ya ndege wa bahari kuu, na maji ya karibu na hapo yanajulikana kwa samaki wakubwa.

Meli kubwa za kisasa hufanya vilevile. Zile za nyavu za kuzungusha, ambazo nyingi hutumia bandari ya Victoria huko Shelisheli, hubeba rada zilizotengenezwa kuona makundi ya ndege kutoka mbali. Ndege humfuata jodari, na meli humfuata ndege. Sehemu ya jodari hao huishia kwenye makopo, na makopo hayo hufika hadi kwenye rafu za maduka ya Kigali.

Mfuatano huu una hatari yake. Mwaka 2015 wataalamu wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, walionya kuwa jodari wa mapezi ya njano anavuliwa kupita uwezo wake wa kuzaliana. Mwaka 2016 nchi wanachama zilipitisha mpango wa kumrejesha. Mazungumzo ya namna hiyo husikika kama ya wenye meli na mawaziri. Kwa ndege, ni mazungumzo kuhusu nani atawainulia chakula.

Kifuniko cha maji moto

Uvuvi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni joto.

Maji ya bahari yamekaa kwa matabaka. Juu kuna maji ya moto na mepesi, chini kuna ya baridi na mazito. Mbolea ya bahari, yaani mabaki ya viumbe waliokufa na kuzama, iko katika maji ya chini. Upepo ukikoroga vizuri, mbolea hupanda juu penye mwanga, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huota, wadudu wa maji huila, samaki wadogo huwala wadudu, na jodari huwafuata samaki. Maji ya juu yakipata joto kupita kiasi, hufanya kama kifuniko cha sufuria. Mbolea hubaki chini, na tabaka la maji baridi ambalo jodari hupenda kulifuata nalo huzama zaidi.

Hali hiyo hutokea kwa nguvu miaka ambayo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wa Afrika, unakuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa. Wataalamu wa hali ya hewa huiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Ilitokea mwaka 1997 pamoja na El Niño kubwa, na ikarudi kwa nguvu mwaka 2019.

Mwaka 1998 meli za jodari zilizozoea kuvua upande wetu zilikuta nyavu hazishiki kama zamani, na nyingi zikavuka kwenda kuvua mashariki ya bahari hiyo. Mwenye meli aliweza kuhama. Buabua mwenye yai kisiwani hakuweza. Katika kisiwa cha Aride, pia cha Shelisheli, watafiti waliowafuatilia buabua kwa misimu mingi waliona kuwa mimea midogo ya baharini ikipungua, ndege huchelewa kutaga na makinda wachache hufikia kuruka. Mzazi hulazimika kwenda mbali zaidi kwa samaki yuleyule mdogo, na kinda hukaa na njaa akisubiri.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa katika maisha ya ndege wa baharini. Nje ya msimu wa kutaga, bahari yote ni yake na umbali haumtishi. Akiwa na kinda, anafungwa na kamba isiyoonekana: lazima arudi. Mabadiliko yaleyale ya bahari ambayo ndege asiye na kinda huyakwepa kwa kuhama, humgharimu mwenzake msimu mzima.

Bahari ileile, mvua ileile

Mfanyabiashara wa Kigali anaingia katika habari hii kwa njia ya mvua. Maji yenye joto kupita kawaida karibu na pwani ya Afrika hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo huja bara kama mvua. Ndiyo maana miaka ambayo jodari huzama na ndege huhangaika, mara nyingi ndiyo miaka ya mafuriko Afrika Mashariki wakati wa vuli, msimu ambao Wanyarwanda huuita umuhindo.

Wafanyabiashara wa umri mkubwa hawajasahau mwisho wa mwaka 1997, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilipoharibiwa na maji na mizigo ya bara ikakwama. Vuli ya mwaka 2019 nayo ilikuwa miongoni mwa vuli zenye mvua nyingi katika ukanda huu. Maji yale yaliendelea kujaa hadi mwezi Mei 2020, Ziwa Victoria lilipopita kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964 na kufunika mialo na nyumba za wavuvi nchini Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa dagaa, mvua ni hasara kabla gari halijawashwa. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria hukaushwa kwa jua, wakiwa wameanikwa mchangani, juu ya majabali au kwenye nyavu. Jua likikosekana siku mbili, huoza au hugeuka kuwa chakula cha kuku. Anayenunua Mwanza wakati huo hulipa zaidi kwa dagaa wabaya zaidi, kisha hukutana na barabara mbovu na foleni, na akifika Kigali hukuta mteja yuleyule mwenye bei yake ileile kichwani. Mtaji ambao ulikuwa mkopo wa kikundi cha akiba, kile kinachoitwa ikimina, huanza kuliwa.

Kwa hiyo joto linalomlaza njaa kinda wa buabua huko Aride, mara nyingi ndilo linalomlowesha muuza dagaa. Wote wawili wanaumizwa na maji yaleyale, kila mmoja kwa upande wake.

Maziwa nayo yana kifuniko

Ya baharini yanaonekana pia kwenye maziwa yetu. Ziwa Tanganyika, ambako dagaa wa Kigoma hutoka, ni refu kwenda chini na lina matabaka kama bahari. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza kuwa joto lililoongezeka katika karne ya 20 lilipunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini. Walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo huenda lilipunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Baadaye ziliongezeka nyavu na taa. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike. Mnunuzi aliyekuwa hana habari alifika Kigoma na kukuta mialo imetulia.

Ziwa Kivu ni kisa cha pekee. Maji yake ya chini yamejaa gesi na hayana hewa ya samaki, hivyo samaki huishi katika tabaka la juu tu, takriban mita 60. Sambaza wanaokaangwa Rubavu na kuliwa Kigali si wenyeji wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha watu wa Rwanda na Kongo, pamoja na minandi na midiria wa kandokando ya ziwa.

Midiria wa Mwanza ndio wanaoonyesha vizuri zaidi jinsi ndege anavyoishi maji yanapogeuka. Sangara alipoongezeka katika Ziwa Victoria miaka ya 1980, aliwamaliza furu wengi, wale samaki wadogo waliokuwa wa kila aina. Mdiria mweupe na mweusi aliyekuwa akila furu alibaki na dagaa. Watafiti waliochunguza mabaki ya mlo wake katika Ghuba ya Mwanza walikuta ameegemea dagaa karibu peke yake. Lakini dagaa ni mdogo kuliko furu. Ili ashibe vilevile, ilimlazimu kudaka samaki wengi zaidi kwa siku, yaani kuruka zaidi, kupiga mbizi zaidi na kutumia nguvu zaidi kwa shibe ileile. Muuza sangara aliyehamia kwenye dagaa kwa sababu sangara amepanda bei anaijua hesabu hiyo: magunia mengi zaidi, safari nyingi zaidi, faida ileile.

Nani anaweza kuhama?

Kila mwaka, baridi ikianza Ulaya, shakwe wa mgongo mweusi wanaotaga Finland huvuka mashariki ya Bahari ya Mediterania, hufuata bonde la Nile na kuja hadi Ziwa Victoria. Huonekana kwenye mialo na nyuma ya mitumbwi, wakigombania mabaki ya samaki. Hawahitaji pasi wala cheti. Maji ya kwao yakiganda, wanahama.

Mfanyabiashara mkubwa wa samaki anafanana na shakwe huyo. Mwanza ikiharibika, atanunua Kisumu au Entebbe. Ana ghala, ana simu za watu watatu katika kila mwalo, na gunia likichelewa wiki moja hafungi duka. Mama mwenye magunia manne anayepita Rusumo kwa basi anafanana zaidi na buabua mwenye kinda. Ana mwalo mmoja anaoujua, mtu mmoja anayemwamini, watoto wanaomsubiri nyumbani, na mkopo wenye tarehe. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limemrahisishia mengi: kituo kimoja cha ukaguzi Rusumo tangu mwaka 2016, na cheti rahisi cha uasilia kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Lakini mpaka ukiwa wazi haimaanishi kuwa dagaa wamekauka.

Anachokosa zaidi mfanyabiashara huyo ni taarifa ya mapema, na taarifa hiyo ipo. Kila mwaka, kabla ya vuli, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD kilichoko Nairobi, ambacho Rwanda nayo inahudumiwa nacho, hutoa mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Baadaye idara ya hali ya hewa ya kila nchi hutoa wake. Katika taarifa hizo, joto la Bahari ya Hindi ni moja ya mambo ya kwanza kutazamwa. Wakulima wamezoea kusikiliza. Wachuuzi wa samaki, ambao biashara yao inategemea jua na barabara, wana sababu ileile ya kusikiliza.

Likitangazwa joto kubwa upande wa Afrika, yako ya kufanya Septemba ambayo Novemba hayawezekani tena. Vikundi vinaweza kununua na kuhifadhi dagaa wakiwa bado wakavu na bei ikiwa chini. Vinaweza kukubaliana na wakaushaji wanaotumia vichanja vilivyoinuliwa badala ya mchanga, kulipia turubai nzuri, na kupanga marejesho ya mkopo yasiangukie katikati ya mafuriko. Na mtu anaweza kuamua kubeba bidhaa nyingine kwa miezi miwili, kama mdiria alivyobadili mlo furu walipokwisha.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa upande huu wa Afrika, dalili nyingine huanza mapema zaidi, huko ambako jodari wamezama na buabua wanazunguka juu ya maji matupu. Huko Kimironko asubuhi, mnunuzi ataendelea kunusa gunia na kuvunja dagaa kwa vidole, na ni sawa afanye hivyo. Ila vidole humwambia kilichokwisha kutokea. Kinachokuja, inabidi aulize kabla hajapanda basi la Rusumo.